Debe la Saba

Somo la lazima, Jumatatu, saa moja asubuhi,
ukungu bado umekalia Loleza.
Mimi nasomea uhasibu. Falsafa niliikuta kwenye ratiba
kama mtu anavyomkuta mgeni sebuleni: yupo, basi, msalimie.

Mwalimu Chengula huingia na koti la mvua asilolivua.
"Nani humu ni mtu mwema?"
Tukanyoosha, tisini na kitu,
mikono iliyotoka mifukoni kwa shida,
maana Juni ya Mbeya haina huruma.
"Kwa ushahidi gani?"
Mikono ikarudi mifukoni.

Wiki ya tatu tukafika kwenye haki.
Ubaoni: kumpa kila mtu kilicho chake.
Gwamaka akadakia kutoka nyuma: chake kwa mizani ya nani?
Tukacheka. Mwalimu hakucheka.
Akachora gunia.
Gunia, jamani, kwa chaki, lenye tumbo,
na juu yake kilemba kilichoshonwa kwa kamba.
Nani wa kwetu asiyeijua lumbesa?
Debe sita, gunia limejaa. La saba na la nane
hupanda juu, hushonwa, hayana bei.
"Debe la saba ni la nani?"

Subilaga akasema mkulima amekubali, hajashikiwa panga.
Gwamaka akasema amekubali kama tunavyoikubali mvua.
Darasa likawaka.
Mimi nilikuwa naitazama kalamu yangu.

Kalamu ilinunuliwa na debe la saba.
Na ada, na godoro, na hili sweta la kijani.
Mama yangu hununua viazi Isongole.
Sijui namna ya kumwita mwizi
mtu anayeamka saa tisa usiku,
akafunga kitenge juu ya koti, kanga juu ya kitenge,
akapanda lori la watu
na sindano ya magunia imechomekwa kwenye ukosi.

Likizo fupi nikamfuata.
Shambani kwa mama Lugano nilishika mdomo wa gunia
na kwa mara ya kwanza nikahesabu kwa sauti:
tano, sita.
Mama akanitazama.
Saba.
Nane nikaisema chini chini, na kiazi kimoja kikateleza,
kikaviringika hadi miguuni pa mama Lugano.
Akakiokota, akakifuta udongo kwa kidole gumba,
akakirudisha juu ya kilemba, mwenyewe.
"Ndaga," akaniambia.
Kwetu neno hilo ni asante, na ni pole pia.
Mpaka leo sijui alinipa lipi.

"Chuoni wanafundisha kuhesabu kwa sauti?"
Wanafundisha kuuliza, mama.
Akanyamaza mpaka Igawilo.
"Nikishona la debe sita, wa Dar hanunui.
Anakwenda kwa mwenzangu.
Mama Lugano anabaki na viazi mpaka viote.
Na wewe, hayo maswali utayaulizia wapi?"

Mtihani, swali la nne, alama ishirini:
Eleza maana ya haki. Toa mfano.
Niliandika kurasa mbili zenye vichwa vya habari,
nikawapanga Wagiriki foleni,
watu ambao hawakuwahi hata kukiona kiazi.
Mfano wangu ulikuwa wa mfalme na wanawe wawili.
Nikapata kumi na saba.
Pembeni, wino mwekundu:
Vizuri. Ila mfano huu uko mbali. Huna wa karibu?

Ninao, mwalimu.
Jana usiku umenipigia simu,
umeuliza ada ya mwakani ni kiasi gani hasa.
Nikautajia.
Halafu nikausikia, katikati ya upepo na kikohozi,
ukihesabu kwa sauti.